Maji Kupungua Nyumbani Baada ya Kubadilisha Mabomba



Kila msimu wa karafuu unapomalizika, na mwanachama akisha kuwalipa wachumaji wake na kuondoa deni la dukani, fedha inayobaki aghalabu huingia nyumbani. Mmoja hutia bati jipya, wa pili hutia sakafu, na wa tatu huona wakati umefika wa kuyang'oa mabomba ya chuma aliyoyakuta kwa baba yake na kutia ya plastiki. Kazi hii ya tatu ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, maana ndiyo inayoleta manung'uniko mengi. Mtu hutumia fedha, kuta huchimbwa na kupakwa upya, kisha mfereji ukifunguliwa maji hutoka kama uzi. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huwalaumu watu wa maji, na wote wawili huishia kusema, "Tununue pampu."

Shauri letu ni hili: usinunue kitu, wala usivunje ukuta, kabla ya kupima. Ndoo moja na saa ya mkononi vitakuonyesha penye ila, na mara nyingi ila yenyewe huondoshwa kwa fedha kidogo. Tutalieleza jambo hili kwa mfano wa nyumba moja tuliyoulizwa habari zake.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Sisi visiwani pale maji yanapotokea twapaita mfereji, na wenzetu wa bara hupaita bomba. Katika makala hii tutasema mfereji kwa pale maji yanapotokea, na bomba kwa njia yanamopita. Kile cha kufungia maji njiani tutakiita koki.

NYUMBA YA BWERI

Mwanachama mwenzetu mmoja wa Pemba ana mwanawe ambaye kazi imempeleka Musoma, mkoani Mara. Huko amejaaliwa kununua nyumba iliyokwisha kukaliwa, katika kata ya Bweri, upande ule wa mji uliko stendi ya mabasi. Mji wa Musoma uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na uso wa ziwa hilo u kadiri ya mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji husukumwa kutoka ziwani yakapanda kwenye matangi yaliyojengwa juu ya vilima, na kutoka huko hushuka yenyewe mpaka majumbani.

Nyumba ilikuwa na mabomba ya chuma yaliyoshika kutu. Kijana akaweka fundi, mabomba ya ndani yakang'olewa, yakatiwa yale ya plastiki ya kuchomelea kwa moto, ambayo mafundi huyaita PPR. Ukuta ukazibwa, vigae vya bafuni vikabandikwa. Siku ya kwanza maji yalipofunguliwa mkewe akaona mambo siyo. Mfereji wa jikoni uliokuwa ukijaza ndoo kabla hajamaliza kuchambua mchele, sasa ulimngoja amalize mchele na mboga pia. Mfereji wa bafuni ulikuwa mbaya zaidi. Bibi yule alikuwa na mtoto mchanga wa miezi miwili, na kila siku ikambidi kuteka maji uani na kuyabeba ndani.

Fundi alisema maji ya mji yamepungua nguvu. Kijana akaenda kuuliza bei ya pampu, kisha akampigia simu baba yake kumwomba fedha. Mzee naye fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kununulia majamvi ya kuanikia na kuwalipia wachumaji pishi zao msimu ulipokuwa u karibu kuanza. Akatujia kuuliza, "Nimpelekee au nisimpelekee?" Tulimjibu, "Ngoja siku mbili, kwanza tupime."

NGUVU YA MAJI NA WINGI WA MAJI

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Nguvu ya maji ni ule msukumo unaoyasukuma. Wingi wa maji ni kadiri yanavyotoka katika dakika moja. Ndugu hawa wawili hufuatana, lakini si mtu mmoja.

Nguvu hutokana na urefu wa kwenda juu. Tangi likiwa juu ya mfereji kwa mita 20, maji yaliyosimama ndani ya bomba husukuma kwa nguvu ya mita 20, ikiwa bomba ni nene au jembamba, fupi au refu. Kwa hiyo ukifunga kila mfereji nyumbani, ukatia geji ya kupimia nguvu, geji itaonyesha nguvu ile ile hata kama njiani pana mahali pameziba karibu kabisa. Maji yaliyosimama hayana habari ya mlango mwembamba. Ni pale yanapoanza kwenda ndipo mlango unapoyazuia.

Fikirini ghala lililojaa karafuu, na wachukuzi 20 ndani, kila mmoja na gunia lake begani. Mlango ukifungwa, wote husukumana mlangoni, na aliye nje akiugusa atasikia nguvu yao. Sasa ufungue, lakini ubao mmoja tu. Watatoka mmoja mmoja, kwa ubavu. Wachukuzi hawakupungua wala nguvu zao hazikupungua, ila mlango ni mwembamba. Kuongeza wachukuzi wengine 20 ndani ya ghala ndiko kununua pampu. Watatoka haraka kidogo, kwa gharama kubwa, na mlango utabaki ule ule.

Basi swali la kwanza kwa kila nyumba yenye maji haba ni hili: je, wachukuzi ni wachache, au mlango ni mwembamba?

KUPIMA KWA NDOO

Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Fungua mfereji mmoja mpaka mwisho, na mingine yote ifungwe. Hesabu muda wa kujaa, uandike. Anza kwa mfereji ulio karibu sana na mita, kisha uende wa jikoni, kisha bafuni, kisha wa mwisho kabisa. Pasipoingia ndoo tumia dumu la lita 5. Pima mifereji yote saa moja ya siku, kwa kuwa maji ya mji hayana nguvu sawa alfajiri, wakati kila nyumba inateka, na usiku wa manane. Tena muulize jirani. Ikiwa na yeye maji yake yamepungua tangu wiki ile ile, ila iko nje ya nyumba yako, na hapo ndipo pa kwenda kwa watu wa maji. Ikiwa jirani anajaza ndoo kama kawaida, rudi ndani kwako.

Kule Bweri tulimwambia kijana apime saa 12 asubuhi na tena saa 4 usiku. Alituletea hesabu kwa simu. Mfereji wa uani, uliotolewa mara baada ya mita, ulijaza ndoo kwa dakika 1 na sekunde 20, yaani lita 15 kwa dakika. Wa jikoni ulichukua dakika 4 kamili, yaani lita 5 kwa dakika. Wa beseni la bafuni ulijaza dumu la lita 5 kwa dakika 2 na nusu, yaani lita 2 tu kwa dakika. Usiku hesabu zilikuwa karibu na hizo.

Tukamwambia aazime geji. Jikoni, mifereji yote ikiwa imefungwa, geji ilionyesha nguvu ya kadiri ya mita 20, sawasawa na uani. Mfereji wa bafuni ulipofunguliwa na ule wa uani ukafungwa, geji ya jikoni ikashuka waziwazi. Lakini geji ilipotiwa uani na mfereji wa bafuni ukaachwa wazi, haikushuka ila kidogo. Hapo hapana shaka tena. Wachukuzi wapo, na mlango mwembamba uko baina ya ua na jikoni. Watu wa maji hawana kosa, na pampu haina kazi.

Mzee alikuwapo tulipopokea hesabu hizo. Alisema, "Basi majamvi yangu nitanunua." Tukamwambia anunue.

KUTOKA MDOMONI KURUDI NYUMA

Ikiwa ila iko ndani, usianze kwa ukuta. Anza pale pasipohitaji nyundo, yaani mdomoni mwa mfereji, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua.

Mifereji mingi ya siku hizi ina kichujio kidogo mdomoni, wavu mwembamba uliofungwa kwa uzi. Fundi akikata bomba la plastiki, vinyuzi na vumbi la plastiki huingia ndani. Akigusa bomba la chuma la zamani, magamba ya kutu yaliyokuwa yametulia miaka mingi hubanduka. Uchafu wote huo husafiri na maji ya kwanza, ukakwama kwenye wavu. Fungua kichujio, ukioshe, ukirudishe. Fanya hivyo pia kwa bomba la mvua la bafuni, kwa hita ya maji ya kuoga, na kwa zile koki ndogo za chini ya beseni na choo, ambazo tundu lake ni dogo na huziba upesi. Sisi wa visiwani tukumbuke jambo lingine: maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa huacha ukoko mweupe kwenye nyavu hizi, na ukoko huo hutoka kwa kulowekwa katika siki usiku mmoja.

Bweri walipofungua kichujio cha beseni walikikuta kimejaa vipande vya plastiki na kutu. Kilipooshwa, dumu la lita 5 lilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 6 kwa dakika. Maji yaliongezeka mara tatu, na hawakutumia hata shilingi. Cha jikoni kilikuwa na uchafu kidogo. Kilipooshwa, ndoo ilijaa kwa dakika 3 na sekunde 20, yaani lita 6 kwa dakika pia.

Hapa mtu mwenye haraka angesema kazi imekwisha. Lakini tazameni hesabu. Mifereji miwili, katika vyumba viwili, yote yatoa lita 6, na uani lita 15. Tukamwomba kijana afanye jaribio moja zaidi ambalo twalipenda sana: aifungue yote miwili kwa pamoja na kupima kila mmoja. Jikoni ndoo ilichukua dakika 6. Bafuni dumu la lita 5 lilichukua dakika 1 na sekunde 40. Hesabu yake ni kadiri ya lita 3 kila mmoja, jumla lita 6 na kitu, ile ile iliyotoka kwa mmoja peke yake.

Maana yake ni hii. Kama ila ingekuwa katika kila mfereji mbali mbali, kufungua wa pili kusingemdhuru sana wa kwanza, na jumla ingefika karibu na 12. Jumla isipoongezeka, kizuizi kiko katika njia wanayoshirikiana, kabla ya mahali bomba linapogawanyika. Kwa jaribio hili moja tuliacha kutafuta katika kuta za bafuni, na vigae vipya vikanusurika.

KOKI NA MISHALE

Katika njia ya kushirikiana, vitu vya kwanza kuvitazama ni koki. Koki kubwa ya nyumba yaweza kuwa imefunguliwa nusu tu, baada ya fundi kuifunga kwa kazi na kuifungua kwa haraka. Ile ya kuzungusha mara nyingi yaweza kuwa mbovu kwa ndani, sahani yake ikakatika na kubaki chini, ingawa kishikio chazunguka kama kawaida. Kuna koki zenye mshale ubavuni unaoonyesha maji yaende upande gani, na kuna zile za kuzuia maji yasirudi. Za namna hii zikitiwa kinyume, maji hayapiti kabisa au hupita kwa shida. Tazama mshale kwa macho yako. Usiridhike na neno la mtu.

Nyumba ile ilikuwa na koki moja mara bomba linapoingia ndani, na mbele yake palikuwa na kiungo cha kufunguka. Kijana alimwita fundi yule yule, wakafungua kiungo, wakatia ndoo. Ilijaa kwa dakika 1 na nusu, yaani lita 13 na kitu kwa dakika. Basi mpaka hapo njia ni njema. Baina ya kiungo na mahali bomba linapogawanyika palikuwa na bomba lililonyooka la mita 12 na kona moja tu, iliyochomelewa pembeni mwa ukuta wa jikoni.

ILA YA MOTO

Mabomba haya ya kuchomelea ni mema. Hayashiki kutu, na yakiungwa vizuri hayavuji. Lakini yana tabia moja ambayo mwenye nyumba hawezi kuiona kwa nje. Fundi hutia ncha ya bomba na kona yake kwenye chuma cha moto, plastiki ikalainika, kisha huvisukuma vikashikana. Akichelewa kuvitoa kwenye moto, au akisukuma bomba kupita kiasi, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani kama ufizi. Kwa nje kiungo chaonekana kizuri, hata chapendeza. Ndani tundu limekuwa dogo.

Kona ya Bweri ilikatwa. Ndani yake plastiki ilikuwa imejikunja pande zote, na tundu lililobaki lilikuwa dogo hivi kwamba kijana alichukua karafuu moja kutoka jikoni akaijaribu: mti wake ulipita, kichwa chake kikakwama. Maji ya nyumba nzima yalikuwa yakipita hapo.

Fundi alipoiona hakubisha. Alisema siku ile umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, chuma hakikuwa na moto wa kawaida, naye alikuwa akibahatisha. Akatia kona mpya pasipo kudai ujira. Baada ya hapo ndoo ya jikoni ilijaa kwa dakika 1 na sekunde 50, karibu lita 11 kwa dakika, na dumu la bafuni kwa sekunde 35. Yote miwili ikifunguliwa pamoja, jumla ikafika lita 13. Gharama yake ilikuwa kona moja ya plastiki na saruji kidogo ya kuziba ukuta. Bibi yule aliacha kubeba ndoo.

UPANA WA BOMBA

Liko jambo moja zaidi ambalo kijana ameliacha kwa sasa, lakini wanachama wanaotaka kuanza kazi hii yawapasa walijue. Bomba la chuma la nusu inchi huitwa kwa kadiri ya uwazi wake wa ndani, na uwazi huo ni karibu milimita 16. Bomba la PPR hupimwa kwa nje. Lile la milimita 20, ambalo dukani huuzwa badala ya nusu inchi, lile la ukuta mnene lina ukuta wa milimita 3.4 kila upande, na ndani hubaki milimita 13.2 tu. Mtu atadhani amebadilisha nusu inchi kwa nusu inchi, kumbe amepunguza.

Tena upungufu huo si mdogo kama unavyoonekana. Kwa nguvu ile ile na urefu ule ule, bomba la milimita 13 hupitisha kadiri ya theluthi mbili ya maji yanayopita katika bomba jipya la milimita 16. Kwa hiyo, njia kubwa inayoingia nyumbani na kugawa vyumba vyote yafaa iwe ya milimita 25, ambayo ndani ina milimita 16.6, na ya milimita 20 iachiwe matawi mafupi ya kwenda mfereji mmoja. Tofauti ya bei ni ndogo ukiifananisha na kuchimba ukuta mara ya pili. Kadhalika usiache kipande cha chuma cha zamani katikati ya mabomba mapya. Hicho ndicho kitakachoziba kwanza, na kutu yake itaingia katika vichujio vyako kila wiki.

IKIWA MAJI YATOKA TANGINI

Wengi wetu tunapobadilisha mabomba hutia na tangi la plastiki juu ya nyumba, kwa sababu maji ya mji hayaji kila saa. Hapo pana mtego. Zamani mfereji ulipokea nguvu ya mji, labda mita 15 au 20. Sasa wapokea urefu wa tangi peke yake. Chini ya tangi pakiwa mita 3 juu ya sakafu, na bomba la mvua la bafuni likiwa mita 2 juu ya sakafu, tangi linapokaribia kwisha nguvu iliyobaki ni ya mita 1 tu. Hakuna aliyekosea, isipokuwa yule aliyetumia bomba jembamba kwa nguvu ndogo. Njia ya kutoka tangini yataka kuwa pana, milimita 32 au walau 25, na tangi linyanyuliwe kadiri iwezekanavyo juu ya mnara madhubuti. Kumbuka kwamba tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja ya maji.

Yako na mambo mengine matatu ya tangi. La kwanza, bomba likitoka tangini lisipande tena kabla ya kushuka, maana hewa hujificha katika mgongo ule na kuyazuia maji. Dalili yake ni maji kutoka kwa kukohoa, au kutotoka kabisa hali tangi limejaa. Dawa yake ni kulilaza bomba literemke mfululizo, au kutia kitundu cha kutolea hewa pale juu. La pili, tangi lisizibwe kabisa kama chupa. Maji yakitoka lazima hewa iingie, basi tundu la hewa liachwe wazi na lifunikwe wavu wa kuzuia mbu. La tatu, boya linalofunga maji ya kuingia lina tundu dogo, nalo huziba kwa mchanga. Tangi likichelewa kujaa, tazama hapo kwanza.

NENO JUU YA PAMPU

Hatusemi pampu haina kazi popote. Mwenye tangi la chini na nyumba ya ghorofa hawezi kuikosa. Lakini pampu isifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mji. Ikifungwa hivyo huyavuta maji ya majirani, na penye ufa wowote chini ya ardhi huvuta na maji machafu ya udongoni yakaingia katika maji ya kunywa. Na kabla ya kuilipia, pima kwanza, kwa maana pampu huificha ila, haiiondoi.

Kadhalika, kabla ya kusema maji ni haba, hakikisha hayapotei. Funga kila mfereji na koki ya tangi, kisha utazame mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanavuja mahali, na wewe unayalipia.

KUPATANA NA FUNDI

Ugomvi mwingi wa mwenye nyumba na fundi hutokana na mapatano mabaya, si kwa ubaya wa mtu. Twapendekeza haya manne, yasemwe kabla kazi haijaanza na mbele ya shahidi.

Kwanza, pimeni kila mfereji kwa ndoo kabla bomba la zamani halijang'olewa, na muandike. Kijana wa Bweri hakuwa na hesabu ya zamani ila kumbukumbu ya mkewe na mchele wake. Ilisaidia, lakini karatasi ingemaliza ubishi siku ya kwanza.

Pili, mabomba mapya yasafishwe kabla ya kutiwa mifereji. Ncha ziachwe wazi, maji yafunguliwe kwa nguvu, takataka zote zitoke, ndipo mifereji ifungwe.

Tatu, ukuta usizibwe wala kigae kisibandikwe mpaka maji yamepita usiku mmoja na kila mfereji umepimwa mbele ya mwenye nyumba. Kiungo kilichokosewa chagharimu kidogo kabla ya saruji, na kikubwa baada yake.

Nne, sehemu ya mwisho ya ujira ibaki mpaka vipimo vya mwisho, naye fundi ajue tangu mwanzo kwamba ndivyo. Fundi mwema hatachukia, maana vipimo vyamlinda yeye pia. Kule Bweri kijana alikuwa amekwisha kukusudia kumnyima fundi fedha yake yote na kumtangaza ubaya mtaani. Vipimo vilionyesha kwamba kazi yote ilikuwa njema isipokuwa kona moja. Alimlipa, na mpaka leo fundi yule ndiye fundi wake.

Ndugu wanachama, fedha ya karafuu yapatikana kwa jasho, na kwa wengine kwa kupanda juu ya mti na kuweka roho mkononi. Haifai kuitupa kwa kununua dawa ya ugonjwa tusioupima. Siku maji ya kutawadha yatakapotoka kama uzi, usimwite muuza pampu. Chukua ndoo, chukua saa, anza mdomoni mwa mfereji urudi nyuma, na uandike unayoyaona. Na mwanachama atakayepima akashindwa kuyafahamu, atuletee karatasi yake. Tutaitazama pamoja naye.